Kupunguza Kelele katika Leza za Semikondakta: Mwongozo Kamili kwa Maabara na Karakana za Arusha na Moshi

Mwanafunzi anayenunua daiodi ya leza ya nanomita 650 kwa ajili ya mradi wa chuo, na mtaalamu anayeagiza leza ya nanomita 1654 ili atafute methani inayovuja kwenye mitambo ya biogesi huko Machame au Tengeru, hukutana na kero ileile: mwanga hautulii. Huko kutotulia ndiko kunakoitwa kelele: nguvu yake inatetemeka, inapanda na kushuka polepole kadiri mchana unavyosonga, na mara nyingine inaruka ghafla pasipo sababu inayoonekana. Wengi hulaumu leza yenyewe na kuagiza nyingine. Mwongozo huu una msimamo tofauti: sehemu kubwa ya kelele inayoonekana katika maabara zetu hutoka nje ya leza, yaani katika mkondo unaoilisha, joto linaloizunguka na mwanga unaoirudia. Kwa sababu hiyo, utaratibu wa kazi una uzito kuliko bei ya vifaa. Pima kwanza, tenganisha vyanzo, kisha shughulikia kimoja kimoja.

Kabla ya kuwasha chochote, linda macho. Leza inayoonekana yenye nguvu ya zaidi ya miliwati 5 hadi 500 huwekwa katika daraja la 3B, na mwale wake wa moja kwa moja unaweza kuharibu retina kabla mtu hajapepesa. Leza za infraredi ni za hatari zaidi kwa kuwa jicho haliuoni mwanga wake na hivyo halijikingi. Vaa miwani iliyoandikwa urefu wa wimbi unaotumia (miwani ya jua haikingi kitu), vua pete na saa ya chuma, na panga mwale uwe chini au juu ya usawa wa macho ya mtu aliyeketi.

Hatua ya kwanza: tengeneza kipimo unachoweza kukiamini

Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko zote. Chukua fotodaiodi (daiodi inayogeuza mwanga kuwa mkondo) ya kawaida kama BPW34, ielekeze kinyume kwa betri ya volti 9, na uipitishie mkondo wake kwenye rezista ya kilo-ohm 1. Mwanga wa leza nyekundu wa takriban miliwati 2.5 utatoa miliampea 1, nawe utasoma volti 1 kwenye multimita. Volti hiyo moja si ya kubahatisha. Mkondo wa mwanga hubebwa na elektroni mojamoja, na kwa sababu hiyo huwa na mtetemo usioepukika. Kwa miliampea 1 mtetemo huo ni pikoampea 18 kwa kila kipeuo cha pili cha hezi, ambao kwenye rezista yetu ni nanovolti 18. Rezista yenyewe, kwa joto la chumba, hutoa nanovolti 4 tu. Hivyo kipimo hiki rahisi kina uwezo wa kuonyesha mpaka wa chini kabisa wa kelele ya mwanga, mradi uweke kapasita ya kuzuia mkondo wa moja kwa moja na amplifaya tulivu ya kukuza mara 100. NE5534, ambayo kelele yake haifiki nanovolti 5, inatosha.

Kwa kusomea, osiloskopu yenye uwezo wa kuchora spektra, yaani grafu ya ukubwa wa kelele kwa kila masafa, inafaa. Asiyekuwa nayo atumie kadi ya sauti ya USB yenye tundu la laini (line in) pamoja na programu ya bure kama Audacity. Ataona hadi karibu kilohezi 20, na matatizo mengi ya umeme wa gridi yamo humo. Asitumie tundu la maikrofoni, kwa sababu lina volti yake lenyewe na hukuza kupita kiasi. Mabadiliko ya polepole, ya dakika na saa, kadi ya sauti haiyaoni kabisa. Hayo yafuatilie kwa multimita.

Sasa chora grafu tatu kwa mpangilio uleule wa nyaya. Ya kwanza ni ya giza, fotodaiodi ikiwa imefunikwa kwa kitambaa kizito cheusi. Ya pili ni ya taa ya indiketa ya gari ya wati 21 inayowaka kwa betri, ukiisogeza karibu, kwa kawaida sentimita chache tu, hadi multimita isome volti 1 ileile. Taa ya nyuzi inayowashwa kwa betri haina kelele ya ziada ya maana juu ya ule mtetemo wa elektroni, hivyo ni kielelezo cha bei ndogo cha mwanga tulivu. Ya tatu ni ya leza. Tofauti kati ya grafu ya pili na ya tatu ndiyo kelele ya leza yako na mfumo wake. Yote yaliyomo katika grafu ya kwanza ni ya kipimo, na usijaribu kuyatibu kwenye leza. Zima taa za chumba wakati wote huu, maana taa za LED na za mirija zinazotumia umeme wa hezi 50 humemetameta mara 100 kwa sekunde.

Spektra ikishatulia mbele yako, isome kama ifuatavyo. Mstari wa hezi 50 huashiria nyaya zinazonasa umeme au mzunguko wa erthi. Wa hezi 100 huashiria chanzo cha umeme ambacho hakijachujwa vizuri. Mistari mikali ya makumi ya kilohezi hutoka kwenye chaja na vyanzo vya kuswichi, na ili kuiona unahitaji osiloskopu. Mwinuko mpana upande wa masafa ya chini huja na joto na hewa inayotembea. Kama ukigonga meza kwa kidole grafu inayumba, kuna mwanga unaorudi. Kuruka kwa ghafla, nguvu ikibadilika kama ngazi, ni leza kuhama kutoka modi moja hadi nyingine, yaani kutoka masafa mamoja inayoweza kuwakia hadi mengine.

Hatua ya pili: tuliza mkondo

Badiliko la mkondo huonekana mara mbili, kwenye nguvu na kwenye rangi. Daiodi nyingi ndogo, zikishavuka kizingiti (mkondo ambao leza huanza kutoa mwale wake), huongeza kati ya nusu miliwati na miliwati 1 kwa kila miliampea, na papo hapo masafa ya mwanga husogea kwa takriban gigahezi 1 hadi 3. Mkondo ukiyumba kwa mikroampea 1 tu, masafa yamekwisha kusogea kwa megahezi 1 hadi 3. Anayepima nguvu peke yake anaweza kuvumilia hilo. Anayelenga mstari mwembamba wa methani, yaani rangi mahususi inayofyonzwa na gesi hiyo, hawezi.

Anza kwa jaribio la betri. Ondoa chanzo cha umeme wa ukutani na uilishe saketi ya leza kwa betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ile inayopatikana ndani ya UPS ndogo. Leza inayotumia miliampea 38 itaishi juu ya betri hiyo kwa siku kadhaa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuharakisha. Mistari ya hezi 50 na 100 ikitoweka, umempata mhusika. Ikibaki, tatizo liko kwenye erthi au kwenye kipimo.

Saketi ya kuanzia ni LM317, chipu ya kudhibiti volti, iliyopangwa kama chanzo cha mkondo: rezista kati ya mguu wa kutolea na mguu wa kurekebishia huamua mkondo, kwa kuwa volti 1.25 ikigawanywa kwa ohm 33 ni takriban miliampea 38. Chagua rezista kwa kufuata karatasi ya data ya daiodi yako, iwe ya utando wa metali, wala usiweke kizungushio cha bei nafuu mahali pake, kwa sababu mguso wake unaosugua ni chanzo cha kelele chenyewe. Kelele ya LM317 kati ya hezi 10 na kilohezi 10 ni karibu asilimia 0.003 ya volti yake, ambayo hapa inakuja kuwa mikroampea 1 hivi. Kwa leza ya miliwati 5, hiyo ni sehemu moja au mbili katika elfu kumi za nguvu, kiwango ambacho miradi mingi ya chuo haihitaji kukivuka. Anayehitaji utulivu zaidi afuate usanifu uliochapishwa na Kenneth Libbrecht na John Hall mwaka 1993, ambamo amplifaya hulinganisha volti ya rezista ya kupimia na volti ya rejea iliyochujwa vizuri, kisha hurekebisha transista inayopitisha mkondo.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulielewa vibaya. Mtu akiona hezi 100 kwenye grafu, huchukua kapasita ya mikrofaradi 100 na kuilehemu sambamba na leza, kisha hushangaa kwamba hakuna kilichobadilika. Hesabu inaeleza kwa nini: kwa hezi 100 kapasita hiyo ina ukinzani wa ohm 16, ilhali daiodi ya leza inayowaka ina ukinzani wa ohm chache tu kwa mabadiliko madogo ya mkondo. Mtetemo huchagua njia rahisi, yaani hupita kwenye leza. Kichujio cha masafa ya chini kinapaswa kukaa kabla ya LM317, ambako kapasita ya mikrofaradi 1000 au zaidi inasaidia kweli. Sambamba na leza weka ndogo tu ya kauri, kwa ajili ya masafa ya juu. Tena kapasita kubwa karibu na leza ni ya hatari. Mguso wa leza ukilegea kwa sekunde moja umeme ukiwa umewashwa, kapasita hujaa hadi volti ya chanzo, na mguso ukirudi humwaga chaji yote ndani ya daiodi. Daiodi hufa papo hapo, na kwa macho haionyeshi jeraha lolote. Lehemu viungo vyote, na usichomoe leza kabla ya kuzima umeme na kusubiri.

Weka pia daiodi ya 1N4148 kinyume, sambamba na leza, kwa kuwa leza nyingi haziwezi kustahimili volti za kinyume zinazozidi 2 hivi. Wakati wa kuifunga, acha miguu yake ikiwa imeunganishwa kwa waya mwembamba hadi kila kitu kiwe tayari. Katika kiangazi, na hasa katika baridi ya Juni na Julai watu wanapovaa masweta ya nailoni, umeme tuli wa mwilini unatosha kuiua.

Nyaya za leza zisokotwe pamoja, ziwe fupi, na zipite ndani ya kinga ya metali iliyounganishwa na erthi upande mmoja tu. Sanduku la saketi si lazima liagizwe. Kopo la biskuti la bati, likikwanguliwa rangi pale mfuniko unapogusana nalo, ni kinga nzuri. Erthi zote zikutane mahali pamoja, na kompyuta ya kusomea itumie betri yake wakati wa kupima. Katika maeneo yenye karakana nyingi kama Unga Limited, jirani anayechomelea mageti ataonekana kwenye grafu yako kila anapogusa chuma. Shanga za feraiti kwenye nyaya zinazoingia koponi hupunguza adha hiyo, ingawa njia ya uhakika zaidi ni kupima yeye anapokula chakula cha mchana.

Hatua ya tatu: shika joto

Leza nyekundu husogea kwa takriban nanomita 0.2 kwa kila nyuzi moja ya joto, na mkondo wake wa kizingiti hupanda kadiri inavyopata joto. Chini ya paa la bati lisilo na dari, chumba kinaweza kubadilika nyuzi nyingi kati ya asubuhi na saa nane mchana, na hapo leza isiyodhibitiwa itahama modi mara nyingi.

Funga leza ndani ya kipande cha alumini au shaba chenye uzito wa kutosha, weka thamista (rezista inayobadilika kwa joto) ya kilo-ohm 10 karibu nayo kadiri iwezekanavyo, na chini yake weka kipande cha Peltia, ambacho hupoza au hupasha joto kwa umeme, kinachokaa juu ya kipoza joto. Thamista hiyo hubadilika kwa takriban asilimia 4.4 kwa kila nyuzi, kwa hiyo sehemu moja ya mia ya nyuzi ni ohm 4.4, badiliko ambalo saketi ya daraja hulisoma bila shida. Kidhibiti cha PID, kinachosoma thamista na kurekebisha Peltia, kiwe cha mkondo laini. Vidhibiti vya bei rahisi vinavyowasha na kuzima Peltia kwa kasi hurusha mistari mikali moja kwa moja kwenye saketi ya leza, na utakuwa umefukuza mwizi mmoja na kumkaribisha mwingine.

Joto la kuchagua linategemea mji. Arusha iko karibu mita 1400 juu ya usawa wa bahari. Moshi iko chini zaidi, na joto lake huwa juu zaidi. Nyuzi 25 zinafaa Arusha kwa sehemu kubwa ya mwaka, ilhali Moshi ni afadhali kwenda 28, ili Peltia isifanye kazi kubwa ya kupoza. Usishuke sana wakati wa masika: hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa umande kwenye kitu chenye nyuzi 19, na tone moja juu ya dirisha la leza huharibu mwale wote. Funika mfumo kwa sanduku lenye pakiti za silika ndani. Sanduku hilo pia huzuia upepo na vumbi.

Baada ya hapo tafuta eneo tulivu. Shikilia mkondo pale pale, pandisha joto polepole kutoka nyuzi 20 hadi 30, na uandike kila nukta ambapo nguvu inaruka. Rudia ukishuka. Utaona kwamba miruko haitokei katika nukta zilezile unapopanda na unapo­shuka, na ndiyo sababu inafaa kuchagua katikati ya eneo pana lisilo na miruko pande zote mbili, na kulifikia daima kutoka upande mmoja.

Hatua ya nne: zuia mwanga usirudi

Hiki ndicho chanzo kinachosumbua kuliko vyote, kwa sababu hakiko kwenye waya wowote. Uso wa kioo usiopakwa tabaka la kuzuia uakisi hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga, na leza ya semikondakta huathiriwa na kiasi kidogo mno kuliko hicho. Hata sehemu moja katika laki moja inaweza kubadilisha upana wa spektra yake. Mwaka 1986 Robert Tkach na Andrew Chraplyvy walionyesha kwamba kadiri mwanga unaorudi unavyoongezeka, leza hupitia tabia tano tofauti, na mojawapo ni ile ambayo ukoherenti (mpangilio wa mawimbi ya mwanga kwenda pamoja) huporomoka na kelele hupanda sana. Kwa hiyo leza iliyokuwa tulivu jana inaweza kuwa ya fujo leo kwa sababu tu mtu amesogeza lenzi.

Jaribio lake ni rahisi. Chukua kadi nyeusi isiyong'aa na uzuie mwale mahali mbalimbali, ukianza mwisho kabisa wa njia na kurudi kuelekea leza, huku ukitazama kelele kwenye fotodaiodi ya ndani ya leza, ile iliyo nyuma ya daiodi. Ukizuia mahali fulani na kelele ikashuka, kitu kinachorudisha mwanga kiko nyuma ya kadi, upande ulio mbali na leza. Mvua inayopiga bati pia ni mpelelezi mzuri: sauti yake hutikisa vioo, umbali hubadilika kwa sehemu ya urefu wa wimbi, na mwanga unaorudi hugeuka kuwa mtetemo wa nguvu unaoonekana wazi kwenye grafu.

Dawa ya kwanza haigharimu kitu. Inamisha kila uso bapa kwa nyuzi chache: dirisha la fotodaiodi, vichujio, chupa ya sampuli. Safisha lenzi, maana vumbi letu la kiangazi hutawanya mwanga kila upande. Kwenye faiba, tumia viunganishi vya APC vya rangi ya kijani, ambavyo ncha yake imekatwa kwa pembe ya nyuzi 8, wala usiviunganishe na vya bluu. Ncha hazitakutana vizuri, mwanga utapotea na mwingine utarudi. Kama una nguvu ya ziada, weka kichujio cheusi kilichoinamishwa: kinachopitisha sehemu ya kumi kwenda kitapitisha tena sehemu ya kumi kurudi, na leza itapokea sehemu ya mia tu. Dawa kamili ni isoleta ya mwanga, kifaa kinachoupitisha upande mmoja tu, inayotumia athari iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1845. Moja ya desibeli 30 hupunguza mwanga unaorudi mara elfu. Ni kifaa ghali, na kwa maoni yangu isinunuliwe kabla ya kuinamisha vioo, kwa kuwa isoleta nayo ina nyuso zinazorudisha mwanga ikikaa wima mbele ya mwale.

Hatua ya tano: kelele iliyobaki

Endesha leza mbali na kizingiti. Karibu na kizingiti, mwanga unaojitokeza wenyewe bila kuchochewa ni sehemu kubwa ya mwanga wote, na kelele ya nguvu huwa mbaya kuliko mahali pengine popote. Ikiendeshwa karibu na nguvu yake ya kawaida, hushuka sana. Kama mwanga ni mwingi mno kwa kazi yako, punguza kwa kichujio, usipunguze mkondo.

Kwa vipimo vya gesi, gawa mwale kwa kioo kabla ya sampuli, weka fotodaiodi mbili zinazofanana, na utoe mkondo wa moja kutoka kwa mwingine; kelele ya nguvu iliyo sawa katika zote mbili itajifuta. Njia nyingine ni kurekebisha mkondo wa leza kwa ishara ya fotodaiodi ya kwanza. Hiyo ikitumika, thibitisha matokeo kwa fotodaiodi ya pili isiyo ndani ya mzunguko huo, kwani ile ya ndani huonyesha utulivu hata pale ambapo mzunguko unaongeza kelele yake kwenye mwale.

Kelele ya masafa ni habari ndefu. Charles Henry alieleza mwaka 1982 kwa nini leza za semikondakta zina spektra pana kuliko ilivyotarajiwa: badiliko la idadi ya elektroni hubadilisha pia faharasa ya mpindo wa mwanga ndani ya daiodi. Tiba yake ya kawaida ni kurefusha tundu la leza, yaani nafasi ambamo mwanga hupita kwenda na kurudi, kwa wavu wa mistari uliowekwa mbele yake, ambao hurudisha sehemu ya mwanga kwa makusudi. Upana wa makumi ya megahezi unaweza kushuka chini ya megahezi 1. Kwa methani, nunua leza ya aina ya DFB, ambayo wavu wake umejengwa ndani ya daiodi, na nguvu zako uziweke kwenye mkondo na joto.

Leza yenyewe ilaumiwe baada ya jaribio moja la mwisho. Ikiwa mpya, chora grafu ya nguvu dhidi ya mkondo kwa joto lile ulilolichagua, na uitunze pamoja na karatasi ya data. Miezi ikipita na kelele ikakataa kushuka hata kwa betri, joto likiwa limeshikwa na mwale ukiwa umezuiwa kwa kadi mbele tu ya lenzi, chora tena. Kama kizingiti kimepanda na mteremko umelala, daiodi imejeruhiwa, aghalabu kwa umeme tuli au mkondo wa ghafla, na hapo ndipo kununua nyingine kuna maana. Kama grafu mbili zinalala juu ya nyingine, rudi kwenye grafu ya giza na ya taa ya indiketa uanze tena kutoka hapo.